Tupa Ilipokaa Kimya

Zaina binti yangu,

Salamu sikuandikii. Asubuhi tumesalimiana, mchana tumegombania kipande cha mkate, yatosha. Mmekwenda Jabe, we na mama yako, kusuka nywele za kuendea Gitega. Kwa ukubwa wa hicho kichwa chako, nina muda mpaka alasiri. Nimefunga mlango, nimekalia ndoo, karatasi nimeiweka juu ya sahani ya mizani niliyoigeuza. Mwandiko usiucheke. Darasa la nne nililimaliza. La tano nililiona dirishani tu, nikipita na mbuzi wa mwalimu.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutokula kwa watu usiowajua, mama yako ameshakwambia, na leo huko kwa msusi atakwambia tena. Mi sina la kuongeza hapo. Miaka yangu yote sijui hata chandarua chetu kinafungwaje, hujikuta nimo ndani yake tu.

Nataka kukuandikia habari ya kazi yako.

Kesho unapanda basi kwenda kuuliza wanawake maswali. Wamekupa kibao cha kubania karatasi, kalamu tatu, na shati lenye mfuko mkubwa kama wa kondakta. Utaingia kwenye nyumba za watu waliokimbia vita, ambao shirika lenu litawapa pesa mkononi, na utawauliza wanawake kama waume zao wanawapiga. Halafu pesa zitatolewa. Halafu utarudi na kuuliza tena, muone kama mikono ya wanaume imetulia. Nimeelewa vizuri? Umenieleza mara nne, na mara zote nne nilijifanya mjinga ili uendelee kueleza, kwa sababu ukieleza unapendeza, unakunja paji la uso kama hakimu.

Lakini Ijumaa iliyopita, tukiwa tunakula, ulitoa karatasi ya semina ukasema, “Baba, sikiliza! Hata hapa mjini Buja walipima. Katika kartie zetu, hii mitaa yetu, wanawake waliopewa pesa wanapigwa kidogo kuliko mbele ya pesa kuja. Inapimika!” Ukamgeukia mama yako. “Mama, na sisi si tulikuwemo? Si ni kweli hata kwetu?”

Mama yako akasema, “Kula, chakula kinapoa.”

We ukala. Mi nikashindwa. Ulifikiri ni tumbo, ukanichemshia tangawizi. Haikuwa tumbo, Zaina. Ile karatasi yako ina uongo ndani, na huo uongo niliutengeneza mimi, kwa mikono hii, humu chumbani.

Ngoja nikueleze kwanza kazi yangu, maana umekula kwayo na hujawahi kuiuliza. Mimi ni fundi mizani. Kila mizani ya soko la Jabe imepita kwangu, ya mchele, ya maharage, ya ndagala. Mteja akija sokoni, akiwa mjanja, anaangalia kitu kimoja: mizani tupu imelala sawa? Imelala sawa. Basi anaridhika, anatoa pesa. Hajui kwamba wizi hauko kwenye mizani. Uko kwenye jiwe. Unachukua jiwe la kilo, unaligeuza, unalipiga tupa ya kusugulia chuma chini yake, taratibu, mpaka limepungua kama mtu aliyefunga Ramadhani. Ukiliweka, linakaa vilevile, limeandikwa kilo vilevile. Hakuna mtu anayegeuza jiwe. Miaka thelathini nimeishi kwa sababu watu hawageuzi jiwe. Ndiyo, baba yako. Fungua mdomo, ushangae, halafu ufunge, tuendelee.

Unakumbuka mama yako mdogo Asha alipokuja na watoto wake watatu kutoka Gasenyi, risasi zilipofika kwao? Tukawa saba katika vyumba viwili. Ndipo jina la mama yako likaandikwa kwenye orodha ya shirika, nyumba zilizopokea wakimbizi. Pesa angepewa yeye, mwanamke. Lakini kabla ya pesa yakaja maswali. Akaja msichana mmoja anaitwa Esperansi, mwenye miwani, mpole, sauti ya kwaya. Siku ile mi nilikuwa sokoni. Esperansi akaona chumba kimejaa watoto, akamtoa mama yako uani, wakakaa karibu na bomba, pale wanawake wa kiwanja kizima wanapofulia. Akamuuliza. Na mama yako, kwa sababu alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu yeyote katika maisha yake, akajibu kweli. Akasema ndiyo. Ananipiga. Si kila siku, lakini ananipiga.

We ulishaona makofi mawili matatu, najua. Ulifikiri ndiyo hayo tu. Watoto huona kama mizani ya sokoni, kile kilichowekwa juu tu.

Kesho yake Hamisi mchinjaji akaniita mbele ya wateja wake. “Ramazani! Nasikia munapimwa kwenu. Mama Zaina anasema mukono yako iko mwepesi.” Watu wakacheka. Nami nikacheka, na nikasema, “Mukono wangu ni wa fundi, lazima uwe mwepesi.” Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Nilipofika nikamzaba kofi mama yako akiwa ameshika sufuria, na uji ukamwagika kwenye mguu wa mtoto wa Asha.

Hilo liandike kwenye kibao chako kabla hujaandika lingine lolote. Karatasi ilikuja kuhesabu makofi, ikaleta moja zaidi. Esperansi alikuwa ameshapanda gari, ameshakwenda zake. Hakujua. Hakuwa mtu mbaya. Alikosea mahali pa kukaa, basi. Mwanamke aliyeulizwa karibu na bomba ameulizwa na kartie nzima, na mume wake atasikia kabla nguo hazijakauka.

Kisha pesa zikaja. Na hapa sitakudanganya kwa upande wa pili vilevile, ili nionekane mshindi wa mabishano. Pesa zilisaidia. Mwezi wa kwanza nyumba ilipoa. Sisi ugomvi wetu mwingi ulikuwa wa sufuria: kwa nini hakuna, kwa nini kidogo, watoto wa dada yako wanakula kama nzige. Saa za kuvrefe, marufuku ya kutoka usiku, tunafungiwa pamoja ndani, watu saba, kila mtu anasikia tumbo la mwenzake. Chakula kilipoingia, maneno yakapungua, na mkono ukapungua. Ungekuja kupima mwezi ule ungenipa cheti.

Lakini pesa ile haikuja mkononi kwangu. Huko sokoni nikawa mchezo. “Ramazani, leo madamu amekupatia ruksa ya chai?” “Muache, iko anangojea mushahara ya bibi.” Nikajibu utani kwa utani, we unanijua. Mi na mdomo tunaelewana. Lakini kila utani nilioushinda sokoni nilirudi nao nyumbani bila kuumaliza. Nikaanza mambo ambayo karatasi yenu haina mahali pa kuyaandika. Nikawa nasimama mlangoni mama yako anapotaka kutoka, sisemi kitu, nasimama tu, mpaka ajieleze. Nikaficha ushungi wake siku ya malipo. Nikanusa chai yake kabla sijainywa mbele ya Asha, kama mtu anayeogopa sumu. Hayo si makofi. Ukiuliza kupigwa, jibu ni hapana, na ni la kweli.

Mama yako akawa na akili kuliko mimi. Hakula pesa yote. Alinunua ndagala kwa wavuvi, akaanika, akaomba sehemu Jabe karibu na wauza mafuta. Akaja kwangu akacheka, nakumbuka alicheka vizuri sana, akasema, “Baba Zaina, mume wangu ni fundi mizani na mi nauza kwa kukisia. Nipatie mizani.”

Nikampa. Ya sahani mbili, nimeisugua inang'aa, na mawe yake matatu. Mawe yangu, Zaina. Unaelewa. Na sikumwambia. Nilijiona nimempa zawadi mara mbili, mizani na faida. Katika maisha yangu hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kusema nakupenda, kumpa mtu jiwe lililopungua.

Aliuza siku kumi. Siku ya kumi na moja mwanamke mmoja mnunuzi akapima ndagala zake tena kwa jirani, zikapungua. Mama yako hakubisha. Akachukua jiwe, akaligeuza. Wa kwanza Jabe kugeuza jiwe langu ni mke wangu. Akaona chini panang'aa upya, na alama ya tupa anaijua, amefagia unga wake miaka ishirini. Halafu akafanya kitu ambacho sijapata kukisikia kwa mfanyabiashara yeyote. Akaita wateja wake kwa sauti, “Wamama, mulionunua kwangu mukuje, nawaongeza!” Akagawa ndagala kwa mikono mpaka gunia likaisha. Wakamuuliza, mizani ni ya nani? Akakunja gunia tupu. Lakini Jabe wanajua mizani ni za nani.

Jioni ile alikuja akaiweka mezani. Asha na watoto walikuwa nje. We hukuwepo, ulikuwa kwa shangazi yako, kule Mutanga Sud, shule yako ilikuwa salama upande ule, na wiki ile risasi za kaskazini zilikufungia huko.

“Baba Zaina, hii mizani iko naiba.”

“Haiibi. Inasaidia.”

“Inasaidia nani?”

“We! Inasaidia we! Unafikiri watu wengine wanakulaje?”

“Mi sikuomba.”

“Umenimaliza. Kesho nani ataniletea kazi?”

“Ataleta mwenye anataka kuibia watu. Hawa watakuwa wengi, usiogope.”

Ni utani mzuri. Hata leo nikiukumbuka nautambua kuwa ni mzuri, ni wa kwangu kabisa, alijifunza kwangu. Nilinyoosha mkono kuchukua jiwe la kilo mbili, nilirudishe kwenye sanduku kabla mtu mwingine hajaliona. Akaweka mkono wake juu ya meza, akalifunika. Akasema, “Hili nalipeleka mtoni.” Nikalinyanyua, mkono wake ukabaki mezani, nami nikalirudisha chini.

Miaka hii yote nimejiambia kwamba sikulenga. Fundi mizani hakosei pa kuweka jiwe. Nililenga.

Vidole viwili vya mama yako, vile visivyokunjika, vya mkono wa kushoto, ambavyo we ukiwa unamsaidia kukamua nguo unavifanyia mzaha ati vinaamrisha magari. Tulikwambia ni mlango wa nyumba ya Asha, ulimbana siku walipokwenda kuchukua vyombo Gasenyi risasi zikalia. Hadithi ilikuwa nzuri kwa sababu risasi zililia kweli, na milango ilibana watu kweli. Vita vilinisaidia sana, binti yangu. Katika miaka ile kila kovu mjini lilikuwa na baba tayari. Mtu akija kwa muunga mifupa, hakuna aliyeuliza nani, waliuliza wapi. Mama yako akajibu Gasenyi. Muunga mifupa akasema pole, Mungu atuletee amani. Nami, niliyemsindikiza na kumshika kiwiko, nikasema amina.

Ningependa kukwambia ni vita vilivyonifanya hivyo. Wengi wanasema, na wengine labda ni kweli. Mi nilianza kabla. Na ningependa kukwambia ni urwarwa, ile pombe ya ndizi ambayo shehe anajua nainywa kwenye kikombe cha chai na mi najua kwamba anajua. Siku ile nilikuwa mkavu kama jiwe lenyewe. Baba yangu alimpiga mama yangu kwa mkanda, kila wiki, kama mtu anayekung'uta mkeka. Mi sikuwahi kushika mkanda. Basi maisha yote nilijipima na baba yangu na kujiona malaika. Nilichagua jiwe la kujipimia nalo, na nalo lilikuwa limeliwa chini.

Baada ya vidole sikumpiga tena. Usinipe pongezi. Niliacha kwa sababu ya ile sauti, ndogo, kama kuvunja kijiti cha kuwashia moto. Niliogopa kuisikia mara ya pili. Mtu anayeogopa hajawa mwema, ametulia tu.

Miezi miwili ikapita, na Esperansi akarudi na kibao chake.

Safari hii nilijua siku. Asubuhi nikamwambia mama yako, “Leo nafanyia kazi hapa.” Hakuuliza. Unakumbuka lile pazia la maua lililokata chumba, upande wa huku kitanda, upande wa huku viti? Nikakaa nyuma ya pazia na jiwe na tupa. Esperansi alikuwa amejifunza. Hakwenda bombani tena. Akaingia ndani, akafunga mlango, akauliza vizuri kama walivyomfundisha.

“Mama, kuko mutu mwingine hapa?”

“Apana. Bwana iko kazini.”

Hakudanganya, nilikuwa kazini, hatua mbili kutoka mgongoni mwake.

“Na ile kelele ni ya nini?”

“Ni fundi.”

“Haya. Atatusumbua?”

“Apana, tumemuzoea.”

Esperansi akaandika, nadhani aliandika kwamba mama yuko peke yake. Mizani tupu imelala sawa. Wakaanza. Watoto wangapi, wanakula mara ngapi, pesa umenunua nini. Mi napiga tupa, krr, krr, sauti moja, ya mtu anayefanya kazi yake. Mama yako anajibu vizuri, hata anacheka. Ndipo Esperansi akashusha sauti kidogo.

“Mama, katika hii miezi sita, bwana yako amekupiga?”

Tupa ikasimama.

Sikusema neno. Sikukohoa. Kama ungeniuliza siku ile ningekuapia kwa Kurani kwamba sikufanya kitu. Niliinua tu mkono kutoka kwenye jiwe. Chumba chote kikawa hakina sauti isipokuwa watoto wa Asha huko nje wanaimba.

“Apana,” mama yako akasema.

“Hata mara moja?”

“Hata mara moja. Tangu hii pesa ikuje, tuko sawa.”

“Tunashukuru Mungu, mama. Na hivi vidole?”

“Ni vita.”

Nikaanza tena kupiga tupa. Krr, krr. Na Zaina, kuna mambo nimeyafanya katika maisha haya, mawe mangapi sijui, na hilo la kilo mbili. Lakini ninaloamka nalo ni hilo la kuanza tena kupiga tupa. Kwa sababu wakati ule nilikuwa nimefurahi.

Esperansi alipoondoka, mama yako alifungua pazia akaniletea chai. Ilikuwa na sukari sawasawa, namna ninavyoipenda. Akaweka kikombe kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto akauweka nyuma. Hatujalizungumza jambo hilo tangu siku ile mpaka leo.

Sasa weka pamoja. Mara ya kwanza ndiyo, mara ya pili hapana, katikati pesa. Mtu wa ofisini anachora mstari unaoshuka, na mstari ule unafika kwenye semina yako, na we unakuja kuusoma juu ya wali wangu. Hakuna aliyedanganya isipokuwa mama yako, naye alidanganya kwa sababu chumba kilikaa kimya. Sisemi pesa hazifai. Wape wanawake pesa, wape nyingi, na wanaume watukane mpaka wachoke. Huenda nyumba nyingine zilipoa kweli, mi si nyumba zote. Hata yetu, ukiuliza mara ngapi, mimi nashinda: makofi yalipungua. Ukiuliza namna gani, muulize mama yako akunje vidole.

Huko Gitega utakutana na watu kama mimi. Tutakukaribisha vizuri sana. Tutakuletea kiti, tutakutania, tutakuuliza umeolewa. Tutasema tunakwenda kazini. Nisikilize, nakuomba kama fundi, siyo kama baba: usitazame chumba kama kina mtu, sikiliza kinavyobadilika ukifika kwenye swali. Mtoto akiacha kulia, shoka nje likiacha kupasua, redio ikipunguzwa, funga kibao chako. Uliza bei ya sukari. Mwombe mama yule akusindikize barabarani, na njiani usimuulize kitu mpaka yeye mwenyewe apunguze mwendo.

Mmerudi. Nawasikia uani. Unacheka kicheko cha zamani cha mama yako, kile cha siku aliyoniomba mizani, nilifikiri kimekwisha duniani. Asha anasema nywele zimekupunguza kichwa. Ni mwongo huyo. Nitamalizia haraka.

Jumatano ulinicheka kwamba nimezeeka, nimelipa tikiti ya basi mara mbili. Ukaniambia nikarudishiwe pesa, nikasema yule kijana wa tikiti ni mkorofi, nikanuna. Sikukosea. Zile tikiti mbili zimo humu ndani ya barua, zimekunjwa pamoja. Ya pili si yangu.

Barua hii naibana kwenye kibao chako, chini ya ile karatasi ya maswali, kwa maana we kibao hicho unakikagua kila dakika kumi kama mtu aliyebeba mayai. Utaiona kesho alfajiri. Mi nitakuwa nimeshatoka. Kuvrefe ikifunguliwa tu, naondoka kwenda Jabe, na sitarudi mpaka mabasi na askari wanaoyasindikiza wameshapanda mlima. Asha nimemwomba awapeleke watoto bombani na asirudi upesi. Kwa hiyo sitakubeba mizigo wala sitakupungia mkono. Nilikuwa nimejiandaa, hata utani wa kukuaga nilikuwa nao, mzuri mno, ungecheka njia nzima mpaka Bugarama. Basi, nitakaa nao.

Mkae, we na yeye. Muulize lile swali. Si kwa ajili ya shirika, karatasi ile ilishakwenda zake na mstari umeshachorwa. Muulize kwa sababu mara ya kwanza aliulizwa mbele ya kartie nzima, na mara ya pili aliulizwa mbele yangu, na hiyo maana yake hajaulizwa bado. Akisema apana, usimbishie, usimwonyeshe barua, kula mandazi yake uende. Jibu ni lake. Akisema ndiyo, usiandike, shika mkono wake wa kushoto. Na akichukua ushungi wake na kukwambia Gitega kuna baridi lakini anaweza kuizoea, tikiti unayo. Mi nitarudi nikute nyumba ilivyo. Chai najua kuchemsha. Hiyo ya sukari sawasawa nitajifunza.

Lile pazia la maua nimelitoa leo. Mama yako atafikiri ni la kufua. Na tupa nimeifunga kwenye kitambaa, naondoka nayo kesho, ili isibaki humu ndani. Utakapofika kwenye swali, Zaina, utasikia nyumba nzima iko kimya. Usiogope. Kesho kimya kile hakitakuwa na mtu ndani yake.

Baba yako,
Ramazani fundi mizani